Sekunde Nne za Ndila

Tangu siku alipoambiwa darasani kwamba orodha ya kazi iliyo mtandaoni inaweza kusomwa na kuandikwa kwa amri chache tu, Mbinya alikosa utulivu. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, fundi wa sare za shule mjini Machakos, na huu ulikuwa muhula wake wa pili wa masomo ya jioni.

Mwalimu wake, Tracy, rika la kitinda mimba wake, aliwafundisha kutumia maktaba. Si ile ya vitabu. Hii ilikuwa furushi la amri zilizokwisha kuandikwa na watu wengine. Ukiita moja, inakuletea kazi zote zilizo kwenye orodha. Ukiita nyingine, inaifunga kazi iliyokamilika.

"Kwa hivyo kuna mtu alikaa mahali akaniandikia haya yote, na hanijui?" Mbinya aliuliza.

"Hakujui, mwaitu." Tracy alimwita mwaitu, mama, kama alivyomwita mzazi wake.

"Na hadai kitu?"

"Hadai."

Mbinya alijua neema ya Mungu ina njia nyingi, lakini hii hakuwa ameihesabu.

Orodha aliyoifikiria ilikuwa ya mwethya wao wa kijijini Kola, kundi la watu kumi na wanne wanaosaidiana kulima kwa zamu. Kila Jumamosi kundi zima hubeba majembe na sururu kwenda shamba la mmoja wao, wakachimba mitaro ya fanya juu ili mvua isiondoke na udongo. Zamani zamu zilikaa katika daftari la mwenzao Ndila. Mzunguko huu mpya ulipopigiwa kura ya nani atangulie, mwenyekiti Musili alisema uandikwe mtandaoni moja kwa moja, kila mtu auone kwa simu yake, na kazi hiyo akampa Mbinya. Ndila hakupenda. Alisema mbele ya wote kwamba mtu anayejifunza kompyuta uzeeni ni kama kuku anayefundishwa kuogelea. Watu walicheka. Mbinya naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Jumatano saa saba mchana, kibandani mwake, kati ya cherehani na rundo la sketi za kijani, aliandika programu yake ya kwanza asiyoagizwa na mwalimu. Ilileta jina moja la mwethya, ikamngoja, na akibonyeza kitufe ikalifunga na kuleta la pili. Alitaka kuwaombea wote, mmoja mmoja, kabla ya mvua kuanza, bila kumruka mtu. Aliomba, akabonyeza, akaomba, akabonyeza, mpaka majina yote kumi na manne yakaisha. Moyoni aliona amefanya kazi mbili kwa pamoja, ya Mungu na ya darasa.

Hakuwa na wasiwasi juu ya orodha yenyewe. Fundi hukata karatasi ya kipimo kwanza, na ukiikosea karatasi, kitambaa hakijui. Alidhani kompyuta imempa karatasi.

Saa nane simu ilianza kulia mfululizo. Musili alikuwa ameandika kwenye kundi lao la simu: "Mbinya, pole na kazi. Naona umelima mashamba kumi na manne peke yako kabla ya chai."

"Langu halijaona hata jembe," Kimanzi, mwenzao mwingine, akajibu.

Ndila hakuandika. Alipiga. "Jumamosi hii ni zamu yangu," alisema. "Niko na mteremko unaoshuka mpaka mtoni. Mvua ikinikuta bila mtaro, sina shamba tena." Akakata.

Kufikia saa tisa mambo yalikuwa yameharibika zaidi. Orodha ilikuwa tupu, na nani hukumbuka zamu isiyo yake? Wote walikubaliana kwamba Nzilani ndiye wa kwanza, kwa kuwa shamba lake lilibaki kipande kidogo cha kumalizia Jumamosi asubuhi, kisha kundi liende kwa anayefuata. Anayemfuata hawakukubaliana. Kimanzi aliapa ni yeye. Musili aliandika kwamba watakutana kwake kesho jioni, na kama ukweli hautajulikana, kura itapigwa upya. Mbinya alielewa maana yake. Ndila angeweza kuangukia nafasi ya kumi na nne, na kufikia hapo mvua ingekuwa imeshachukua ilichotaka.

Jioni alimweleza Tracy kila kitu, pamoja na habari ya karatasi ya kipimo.

"Mwaitu, ulikuwa unakata kitambaa chenyewe," Tracy alisema. "Maktaba inafikia orodha ileile ambayo kila mtu anaiona. Tunaweza kuzifungua kazi, zitarudi. Lakini zitarudi bila mpangilio."

Mbinya aliitazama skrini.

"Wakati inafunga," aliuliza polepole, "ilijua ni saa ngapi?"

Tracy aliacha kuandika. "Sijui. Hebu tuulize kabla hatujafungua chochote."

Waliita kazi zilizofungwa, kila moja na saa yake. Mistari kumi na minne ikajipanga. Mbinya alishtuka kuona saa nne asubuhi, wakati saa nne alikuwa sokoni akinunua vifungo. Tracy akamweleza kwamba mashine inahesabu saa za ng'ambo, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, na hilo halibadilishi nani kamtangulia nani.

Nzilani: dakika ya tano, sekunde kumi. Ndila: dakika ya tano, sekunde kumi na nne. Kimanzi: dakika ya nane na ushei. Kwa kuwa Mbinya aliomba kwa kufuata orodha, zamu zilikuwa pale zote, wazi kama kushona kwa uzi mweupe juu ya nguo nyeusi.

"Huyu wa pili mbona ni haraka hivi?" Tracy aliuliza. "Programu ilikwama?"

"Haikukwama," Mbinya alisema.

Angeweza kuandika majina tu na kuacha saa. Lakini Kimanzi angeuliza ameyatoa wapi, na angekuwa na haki. Akachapisha yote.

Kesho yake jioni, uani kwa Musili, Mbinya alieleza habari ya maombi na saa zake, na karatasi ikamfikia Kimanzi kwanza. Aliifuata kwa kidole.

"Mimi uliniombea karibu dakika tatu?"

"Ule mguu wako unaouma," Mbinya alisema.

Kimanzi alikohoa, akampa Ndila karatasi bila kumtazama. "Zamu ni yake," alimwambia Musili.

Ndila aliisoma, akarudi juu, akaisoma tena.

"Sekunde nne," alisema. "Ulisema nini ndani ya sekunde nne?"

"Bwana, mbariki Ndila."

"Halafu?"

"Halafu amina."

Mtu mmoja alifunika mdomo. Ndila alitikisa karatasi kidogo, kama anayepepeta nafaka.

"Ingekuwa ni mimi nakuombea," alisema, "hiyo mashine ingeandika mbili."

Kicheko kikawatoka wote, na Ndila mwenyewe akawa wa mwisho kunyamaza. Mbinya alifungua kompyuta juu ya magoti yake na kuanza kuzirudisha kazi moja baada ya nyingine, kwa mpangilio wa ile karatasi. Ndila alisogea karibu akiwa na simu mkononi, akitazama skrini ya Mbinya, kisha ya kwake, kisha ya Mbinya tena. Jina lake lilipotokea chini ya Nzilani, aliligusa kwa kidole gumba, kana kwamba huenda likahama.

"Jumamosi ukija na jembe," alisema, "kuja na hiyo mashine pia. Nataka kujua hizo sekunde inazitoa wapi."