Vyoo vya Ubaoni

Jumatatu, kipindi cha Kiingereza, monita wa darasa alikaa amebana magoti, akipima kama angeweza kukimbia kwao kujisaidia na kurudi kabla ya hisabati. Shule haikuwa na choo cha wasichana. Wa karibu walikwenda nyumbani, wa mbali walijikaza. Monita alikuwa amekosa hisabati mara nyingi hadi mwalimu wa somo hilo akambandika jina la Mgeni.

Mwalimu aliandika ubaoni "vyoo vya wasichana" kwa Kiingereza: the girls' toilets.

"Tazameni hiki kimkato cha juu," alisema. "Kikikaa baada ya s, mali ni ya wote. Kikitangulia, ni ya mmoja."

Papo hapo, nyuma ya maktaba vikasimama vyoo sita, rangi bado mbichi.

"Ticha, naomba ruhusa," alisema monita.

"Nenda. Na ukimaliza funga bomba."

Wiki ile wasichana wote waliingia. Kando ya maneno yale mwalimu aliandika USIFUTE, na mwenzake wa hisabati akafundishia kwenye kona iliyobaki, tarakimu zake ndogo kama sisimizi.

"Kumbe Mgeni yupo!" alisema, akamwita ubaoni. Monita alilipata swali, na la pili pia.

Ijumaa mkuu wa shule alikuja kukagua. Alivisifu vigae. Kisha akaingia darasani, akalowesha kidole kwa mate, akakifuta kile kimkato na kukichora upya kabla ya s.

"Vya wote havitunzwi," alisema.

Hakuna aliyeuliza huyo mmoja ni nani. Wakati wa mapumziko milango ilimfungukia binti wa mkuu. Wengine walisukuma, ikagoma. Binti alizuia mlango kwa mguu ili wenzake wapite. Mlango ukamsogeza ndani taratibu, ukajifunga.

"Jamani, umenishinda nguvu," alisema kutoka ndani.

"Basi fanya haraka, shoga," monita alimjibu. "Wewe angalau uwahi kipindi."

Darasani, mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameshika chaki mbele ya maneno yale. Mkuu alisimama mlangoni.

"Mwalimu, nenda mada inayofuata."

Mwalimu akaenda mada inayofuata.

Hisabati ilipoanza, monita alikuwa ameshavuka geti, anaelekea kwao. Nyuma ya maktaba vyoo vyote sita vilikuwa vitupu, safi, vinanukia sabuni.