Mama Aliyesema na Jiko

Jumamosi ile Mwalimu Erasto alitupa kazi niliyoiona nyepesi kabisa: tusome ukurasa mmoja wa riwaya ya zamani ya Kimarekani, tutaje mbinu za kisanaa zilizotumika. Tulikuwa kwenye chumba cha kupanga pale Makandana, watu wazima watupu, sisi tulioacha shule tukaolewa na sasa tunakitafuta Kidato cha Sita kwa udi na uvumba.

Kwenye ukurasa ule, mjane kijana anaishi na baba wa marehemu mumewe kwenye shamba la ngano. Tangu mazishi hawasemeshani. Jioni mzee amekaa mezani, mjane anapika, na yote yaliyomjaa moyoni analiambia jiko: ana baridi, anataka kwenda kuwaona watu wa kwao, anaogopa kuomba.

"Amerukwa na akili," alisema Hezron.

"Ni tashihisi," alisema Prisca. "Jiko limefanywa mtu."

Mimi vinyweleo vilishanisimama. "Mwalimu, hiyo wala si mbinu. Huyo mzee ni mkwe wake! Anasema na jiko ili mzee asikie."

Darasa zima liliangua kicheko. Hezron akauliza kama Wamarekani nao hukimbilia migombani wakwe wakipita, kama wanawake wa kwetu. Mwalimu Erasto, mtu wa Igogwe, hukuhuku kwetu, hakucheka. Alirudia ukurasa kimyakimya, kisha akasema, "Kwenye mtihani andika tashihisi, Elina. Lakini mh!"

Njia nzima ya kurudi Kawetele nilishangaa. Mtu aliyekufa zamani, ambaye hata mgomba pengine hakuuona, alijuaje mambo ya nyumbani kwangu? Niliogopa hata kukifungua tena kile kitabu.

Kwetu mwanamke hasemi na baba mkwe wake. Nikimwona njiani nachepuka, na jina lake silitamki. Hapo ndipo nilipokwama, maana chai ilikuwa imechanganya, majani yamejaa shambani, na mzee alishamwambia mume wangu, Gwamaka, kwamba masomo basi, Jumamosi nichume chai kama wengine. Mtihani ulikuwa umekaribia. Bila darasa ningefeli. Gwamaka anitetee? Mbele ya baba yake mwanamume yule anakuwa bubu.

Jioni hiyo nilikuwa bandani namkatia ng'ombe majani. Upande wa pili wa ukuta wa mbao mzee alikuwa anachonga mpini kwa panga. Alikohoa, kama kawaida yake, nijue yupo.

"Gwe ng'ombe," nilisema kwa sauti, yaani wewe ng'ombe, "nikusimulie habari za mama mmoja wa Marekani."

Nikamsimulia yote, mjane, mzee na jiko. Kisha nikamwambia, "Na mimi naogopa kuomba. Chai nitachuma siku nyingine zote, hata kwenye mvua. Niachiwe Jumamosi tu."

Panga lilinyamaza. Nikasikia hatua za mzee zikiondoka, nikajua nimeharibu.

Wiki nzima hakuna aliyesema kitu. Jumamosi asubuhi nilibeba tenga la chai, nimenuna kwelikweli. Nilipofika karibu na banda nikasikia sauti ya mzee ndani.

"Gwe ng'ombe, leo majani nakukatia mimi. Mwenzako anakwenda kusoma. Chai tutachuma sisi." Akakohoa. "Akwambie kwanza. Lile jiko, lilimjibu yule mama?"

Nililitua tenga. Kitabu nilikuwa nimekimaliza wiki ileile, kwa hasira. Yule mzee wa kwenye ngano hakuinua kichwa hata mara moja. Machozi yakanitoka palepale uani, nikashindwa hata kuyafuta.

"Gwe ng'ombe," nilisema nikiwa nje ya ukuta, "halikujibu. Mpaka kitabu kinaisha."

Nikasikia mzee akianza kukata majani.

"Basi, ng'ombe," akasema taratibu, "yule mzee alikosea sana."