Bi Haya na Koti Lililofuliwa

Kitendawili. Nikimfuata ananikimbia, nikimpa mgongo ananijia. Utasema kivuli. Sicho, kivuli hakioti kwato. Usinipe mji bado, sikiliza kwanza.

Palikuwa na kondoo jike aliyeitwa Bi Haya, maana ukimtazama tu hugeuzia uso ukutani. Mamaye alikufa akimzaa, akalelewa kwa chupa na mwenye nyumba, ndani ya koti lake la kazi. Akakua, akanona, lakini hakumjua mtu ila yule na koti lake. Kisha yule mtu akafa. Alianguka shambani asubuhi, adhuhuri hayupo.

Mkewe hakulia. Watu walingoja alie mpaka wakachoka, wakaenda zao. Alipika, alifagia, aliitikia salamu, na moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Siku ya nne baada ya mazishi ilikuwa siku ya kufua, basi akafua. Mashuka, kanga za mama mkwe, na koti lililotundikwa nyuma ya mlango, yote yakaingia beseni moja. Alipolianika ndipo alipoona ameshika nini. Akalinusa. Lilinuka sabuni. Akabana vibanio, akaingia ndani kuosha vyombo.

Wiki iliyofuata Bi Haya akaanza kuchechemea. Ukwato wa mbele ulikuwa umerefuka ukapinda, na katikati pameanza kuoza. Alitakiwa ashikwe, ukwato ukatwe, apakwe dawa. Nani wa kumshika? Aliwapiga chenga wote, na mguu wake mbovu vilevile.

"Nileteeni koti la mwanangu," mama mkwe akasema. "Atalifuata."

Akalivaa mwenyewe, likamfika magotini, akatoka uani akiita kama alivyokuwa akiita mwanawe. Bi Haya akaja mbio, akichechemea. Akatia pua kwenye mkono wa koti. Akatulia kidogo. Mara akaruka nyuma kama aliyeungua, na tangu hapo akahamia mwisho wa malisho, hata zizini hakurudi.

Mama mkwe akauinua mkono ule ule wa koti, naye akanusa.

"Nani kafua koti hili?"

Wifi mtu, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki, siku hiyo naye alizimika kwanza.

"Usinitazame mimi, mama," akasema mwishowe. "Mimi na kufua unatujua."

"Nawajua. Ndiyo maana nakutazama. Kila ukifua lazima uharibu kitu."

Mke alikuwa anapepeta mchele. Akaendelea kupepeta.

Mama mkwe akalikunja koti, akaliweka juu ya kabati. "Jumamosi mchinjaji anapita. Kondoo asiposhikika, aende naye. Sitakaa nimtazame akioza yu hai." Na tangu hapo akawa hasemi na Redio, ila kumwagiza maji.

Mke hakuamua jambo lolote. Kesho yake alichukua tu kapu la mahindi ya kupukuchua, akaenda kuyapukuchulia kule mwisho wa malisho, kwa kuwa huko hapakuwa na wa kumwuliza kitu. Alikaa amempa kondoo mgongo. Hakumwita, hakumbembeleza. Punje zilimruka vidoleni zikaangukia nyuma, naye hakuziokota.

Jumanne ikapita hivyo. Jumatano akasikia mtu anatafuna nyuma yake. Hakugeuka. Usidhani ni werevu, mjukuu wangu. Hakuwa na hamu ya kugeuka. Alhamisi pumzi ya moto ikamgusa shingoni, ikakaa, ikaondoka. Aliporudi jikoni Redio akamwambia, "Wifi, una manyoya mgongoni," akampangusa, wala hakuuliza zaidi. Mama mkwe aliyaona manyoya yale yakidondoka sakafuni.

Ijumaa mchana uzito ukamwegemea mgongoni. Uzito wenyewe, wa mnyama mzima aliyechoka kusimama kwa miguu mitatu. Mke akaacha mahindi. Akapitisha mkono nyuma polepole, akashuka na mguu mpaka chini, akauinua ule ukwato, akauweka mapajani pake. Bi Haya alitetemeka, lakini hakwenda.

Mama mkwe alikuwa akiwatazama toka uani. Akaja bila viatu, kisu na chupa ya dawa mkononi, akapiga magoti. Kipande cha ukwato kikaanguka, kingine kikaanguka, usaha ukatoka, dawa ikaingia. Bi Haya akalaza kichwa begani kwa mke akafumba macho.

"Umemfanya nini huyu?" mama mkwe akauliza chinichini.

"Sikumfanya kitu."

Mama mkwe akafuta kisu kwenye nyasi. "Basi kesho mchinjaji apite na njia yake."

Bega la mke lilianza kuuma kwa ule uzito. Lilikuwa limeuma kitambo, sema sasa ndiyo alilisikia.

"Mama."

"Nini?"

"Koti nililifua mimi. Ilikuwa siku ya kufua."