Jipu la Baba Mkwe

Mzee Manasseh alidanganya, tena mchana kweupe, mbele ya mwanamke aliyesomea vidonda chuoni. Alimwambia Kwamboka, mke wa mwanawe na muuguzi wa zahanati ya hapo Manga, kwamba kisiki cha mchai kilimchoma chini ya goti.

"Ni kitu kidogo, mokamwana. Nipe tu dawa."

Kwamboka alimtazama akivuka ua, miguu ameiachanisha kama mtoto aliyejikojolea, akajua. Mtu aliyeumia chini ya goti hatembei hivyo. Mzee alikuwa ameteleza kwenye michai iliyopogolewa, akakalia kisiki chenye ncha, nacho kikamwingia juu kabisa pajani, karibu na kinena. Mahali hapo mkwe hatakiwi hata kupafikiria.

Wenyeji wa Gusii huiita chinsoni, heshima yenye ukuta katikati. Baba mkwe hakanyagi nyumba ya mke wa mwanawe, naye mwanamke hauoni mwili wa baba mkwe. Hata mwana hamtazami babake akiwa uchi. Wajukuu wangeruhusiwa, lakini wote walikuwa shule za bweni, na mke wa mzee alikuwa kaburini nyuma ya migomba. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kukiangalia kidonda.

Mzee akajitibu. Aliagiza rangi mbili dukani, vile vidonge vya kapsuli, akazifungua na kumwaga unga wake kidondani. Nusu ya watu wa Manga hufanya hivyo, nao hujiona madaktari. Unga ulikauka, gaga likafunga juu, mzee akafurahi kwamba amepona. Kwamboka aliyaona maganda mekundu na meusi mlangoni pa mzee, damu ikamchemka.

"Tata, huo unga hauui kitu!" alimwambia baba mkwe akiwa nje, uso ameugeuzia ukutani. "Umefunika tu. Bakteria wako chini ya hilo gaga, wanazaana kwenye usaha. Lazima jipu lipasuliwe, usaha utoke, kidonda kioshwe. Vidonge nitakupa, lakini dawa haipenyi vizuri kwenye usaha uliofungiwa."

"Basi nipe hivyo vidonge."

"Na kupasuliwa?"

"Omosa akirudi."

Omosa ndiye tabibu wa kiume wa zahanati, na wakati huo alikuwa semina Nakuru, anakula kuku wa hoteli. Kwamboka akatoa vidonge. Vilipunguza homa kidogo, na hicho kidogo ndicho kilichoharibu kila kitu, maana mzee alikwenda kituo cha kununulia chai akajigamba kwamba mtu mwenye mkwe nesi hafi ovyo. Watu wakacheka, wakamsifu.

Jioni Kwamboka alimkabili mumewe.

"Ogeto, ingia ukamwangalie baba yako."

"Nimwangalie wapi?"

"Unapajua."

Ogeto aliweka kikombe chini. "Unanitakia laana, Kwamboka? Nimvue baba yangu nguo?"

"Basi tumpeleke hospitali ya Kisii. Kuna madaktari wanaume tele."

"Makambi yanaanza, wiki nzima ya ibada. Mzee wa kanisa hawezi kukosa makambi. Tutakwenda baadaye."

Kwamboka alimchukia usiku ule. Alimchukia Omosa na semina yake, akamchukia mzee kwa ukaidi wake, kisha akajichukia yeye mwenyewe, kwa sababu alikuwa na glovu, wembe wa kupasulia na maji ya chumvi kabatini, na bado alikuwa anasubiri ruhusa ya wanaume.

Omosa alirudi makambi yakiwa yamepamba moto. Aliletewa habari, akaahidi kupita, lakini mzee alimtumia salamu kwamba asisumbuke, ibada haijaisha. Alikaa kwenye benchi la mbele, shuka limemzunguka, jasho linamtiririka, na waumini wakadhani ni Roho. Sabato ya kufunga makambi, watu wakiwa wamefumba macho kwa maombi, alianguka kifudifudi.

Hospitalini Kisii alipokewa na muuguzi kijana, Beverlyne, mgeni asiyewajua wala kuujua ukoo wao. Beverlyne alivuta pazia, akachana suruali kwa mkasi. Yeye aliyekuwa radhi kuoza kuliko kuonekana, alimwachia msichana huyo kila kitu. Harufu ikavuka pazia. Kwamboka aliitambua, akaelewa kwamba nyama imekwisha kufa.

"Sista, si umesema wewe ni mwenzetu?" Beverlyne aliita. "Niko peke yangu huku. Njoo unishikie huu mguu."

Kwamboka alishika pazia.

"Hapana," mzee alisema. Meno yalikuwa yanagongana, lakini neno lilitoka zima. Ogeto naye akamvuta mkewe mkono. Kwamboka akaachia pazia, akarudi kusimama penye ukuta, na Beverlyne akahangaika na mguu peke yake.

Daktari alipasua, akatoa usaha wa kujaza beseni, akaamuru dawa kali za mshipani. Lakini bakteria walikuwa wamekwisha kuingia kwenye damu, na figo zilikuwa zimechoka. Alimuuliza Kwamboka, bila ukali, kwa nini muuguzi ameacha jipu lifike hapo.

Kabla ya kuzimia, mzee alimwita. Alikuwa amefunikwa vizuri hadi kidevuni.

"Mokamwana, asante. Umenitunzia heshima yangu."

Kwamboka alitaka kumpigia kelele. Alitaka kumwambia kwamba heshima hiyo ndiyo imemuua, kwamba angalikuwa nyumbani sasa hivi anakunywa uji. Badala yake aliinamisha kichwa.

"Asante, tata," alisema.

Mzee alikufa siku iliyofuata. Kwenye mazishi mchungaji alimsifu kwa sauti kubwa, akasema huyu ni mzee aliyeishika mila ya baba zake hata kitandani, asiyemwaibisha mke wa mwanawe mpaka pumzi ya mwisho. Hema lote likajibu amina. Ogeto aligeuka akamtazama mkewe, akingoja, na Kwamboka akasema amina.