Mrija wa Kwanza

Mrija wa Renatus ulikuwa juu ya mto wake wa kulalia, umevunjwavunjwa kama vijiti vya kuwashia moto. Miaka yote ulitundikwa ukutani karibu na mlango, uking'aa kwa moshi na mikono yake, na hakuna mwingine aliyethubutu kuugusa. Sasa binti yake Herieth alisimama mlangoni, amefumbata mikono kifuani.

"Jumamosi wakwe wanakuja," alisema. "Ukiwa umelewa, kiti chako atakikalia baba mdogo Moses. Nimeshamwambia."

"Mimi ndiye baba yako."

"Basi kuwa baba, hata kwa siku hiyo tu."

Kwa desturi ya kwao, baba wa binti ndiye anayevuta mrija wa kwanza katika mtungi wa pombe ya ndizi ulioletwa na wakwe. Asipovuta, amekataa posa. Naye alijijua: akionja funda moja, hatabanduka mtungini mpaka wamburute mbele ya wageni.

Muuguzi wa kwao Kibondo aliwahi kumnong'oneza kwamba Kasulu kuna watu walioacha pombe, hukutana kila Alhamisi nyuma ya mashine ya kusaga. Huko hakuna anayenijua, Renatus aliwaza, na Alhamisi hiyo akapanda basi la asubuhi.

Kumbe aibu haiulizi jina. Alipomwuliza njia dereva wa bodaboda, yule bwana aliwageukia wenzake. "Mzee anatafuta mkutano wa walevi. Mwonyesheni chama chake." Wakacheka, wakamwelekeza.

Walimwelekeza kilabuni. Alijua kabla hajafika, kwa harufu. Mlangoni mtu mmoja alijisogeza kwenye benchi, akampisha. "Karibu, mzee wangu. Shika mrija huu, umechoka na safari."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la upole kuambiwa tangu wiki ianze, nalo lilitoka huko. Renatus aliupokea mrija. Mate yalimjaa. Kisha akaviona tena akilini vile vipande juu ya mto, akaurudisha.

"Una dharau wewe," mwenyeji wake alisema, akatema mate karibu na viatu vyake.

Ng'ambo ya njia, mama muuza nyanya alikuwa akitazama. Hakutabasamu. Alinyoosha kidevu tu. "Hao unaowatafuta wako nyuma ya mashine ile. Pitia uani kwangu, mbwa nimemfunga."

Chini ya banda la bati aliwakuta wameuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake. Renatus akarudi nyuma hatua moja.

"Maji hayo," alisema bibi mmoja aliyeitwa Esteri. Alikuwa mpika pombe na mnywaji wake pia, kabla haijamfilisi. "Mkono uliozoea kushika kitu ukiuacha mtupu, utakupeleka unakokujua. Umekunywa leo?"

"Sijanywa."

"Wote husema hivyo." Alimsogelea, akamnusa mdomo kama anayenusa samaki sokoni. "Haya, kaa."

Renatus akaeleza habari ya Jumamosi. Alitegemea huruma.

"Ulitaka tukupe hirizi?" Esteri aliuliza. "Hatuna."

Mzee Badru, aliyeketi upande wa pili wa mtungi, akainua kichwa. "Huko kwenu, baba haruhusiwi kumpa mwingine mrija?"

"Anaruhusiwa. Humpa anayemheshimu kuliko nafsi yake, avute kwa niaba ya ukoo."

"Si umpe huyo?"

Aliyestahili alikuwa mmoja tu. Moses ndiye aliyemlea Herieth na kumsomesha. Na Moses huyohuyo, siku ya matanga ya mke wa Renatus, alisema mbele ya watu kwamba kaburi limekosea mtu.

"Bora nilewe," Renatus alisema.

"Njia ya kilabuni umeshaijua," Esteri alimjibu. Lakini huku akisema hivyo alichukua mrija mmoja, akaufuta kwa pindo la kanga yake, akauweka mkononi mwa Renatus.

Jumamosi ua ulijaa. Renatus alikuwa kitini pake, shati limepigwa pasi. Moses alikaa kando yake, karibu mno, kama anayelinda mwizi.

"Nangoja uanguke," Moses alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Wala sitakuokota."

Wakwe wakautua mtungi, wakampa Renatus mrija. Aliutumbukiza. Harufu ikapanda, ikamwita kwa jina. Kule nyuma Herieth alisimama na sinia la vikombe, hasogei.

Renatus akaifuta ncha ya mrija kwa pindo la shati lake, akauinamisha upande wa Moses.

"Mdogo wangu, mtoto huyu nilimzaa. Wewe ndiye uliyemlea, nikiwa hai na sipo. Vuta kwa niaba yetu."

Moses aliutazama mrija kama nyoka aliyemkuta kitandani.

"Huu ni ujanja gani tena?"

"Vuta, Moses. Mkono unachoka."

Kule nyuma, vikombe viligongana kidogo juu ya sinia, vikatulia. Renatus hakugeuka. Alishikilia mrija uleule, macho yake kwenye mkono wa ndugu yake, ambao ulikuwa bado umelala juu ya goti.