Pamba Iliyozika Nyumba

Mimi Machibya nimedanganya watu wengi na bado usingizi nilipata. Niliwahi kuwaapia watu wa Bunda kwamba kamongo, yule samaki wa matopeni, alitoka ziwani, akanifuata kwa tumbo mpaka Nyasho, nikampa chai, akaaga. Wawili waliamini. Uongo wa namna hiyo haumfungi mtu. Ulionifunga mimi ni wa kitabu.

Nilipostaafu kwenye kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, nilihamia Nyasho, Musoma, kwa binti yangu. Jirani pana chumba cha vitabu vya watoto, vimeletwa kutoka nchi nyingi: India, Ghana, na huko kwenye baridi. Madamu Hilda, msimamizi, akaniomba niwasomee watoto kila Jumamosi. Vya Kiswahili nilisoma. Vya lugha nisizozijua nilitazama picha, nikasoma hivyo hivyo.

Kimoja kilikuwa na nchi nyeupe tupu, nyumba imefunikwa mpaka dirishani, ndani yake mtoto. Nje, ng'ombe wenye pembe kama matawi. Ukikaa miaka thelathini na moja na marobota, cheupe kilicholala chini ni pamba tu. Nikasoma: pamba ya kwao ilizaa mpaka ikazika nyumba, mtoto anangoja lori la ushirika lije kuibeba, na lori haliji.

Wankyo, binti wa miaka minane aliyehamia kutoka Buhemba, alikuwa hajatamka neno darasani muhula mzima. Siku hiyo akasema, "Rudia, Babu."

Nilirudia Jumamosi nane. Akaikariri yote, akaanza kuwasimulia wenzake, hata shuleni akawa anajibu maswali.

Ndipo Madamu Hilda akaja anacheka kwa furaha. Kuna siku ya usomaji Butiama, Wankyo amechaguliwa kusimulia kitabu hicho, na mama aliyekituma, mwenye lugha ya kitabu chenyewe, atakuwepo.

Nilikificha chini ya godoro. Wankyo akasema hakihitaji, kimo kichwani. Nikajifanya mgonjwa. Binti yangu akanipikia uji, akaniingiza kwenye gari na uji wangu. Kila nikitaka kumwambia mtoto ukweli, naye ananitabasamia, nafunga mdomo.

Ukumbini Butiama nikajikuta nimebanwa kwenye benchi: kushoto mzee wa kanisa mnene, kulia ukuta. Kitabu Hilda alikuwa amekipata; binti yangu alikitoa chini ya godoro. Wankyo akakifungua, akasema kwa sauti ya kusikika, "Pamba ilizaa mpaka ikazika nyumba."

Mgeni, yule mama aliyekituma, akakunja uso. Akauliza kwa Kiingereza, Hilda akatafsiri: nani amekwambia ni pamba?

"Babu Machibya. Alikisoma."

Watoto wa mbele, wanaoijua theluji kwenye televisheni, wakaanza kumcheka. Wankyo hakuwatazama. Alinitazama mimi, akingoja nimtetee.

Uongo mzuri nilikuwa nao tayari, kwamba kitabu kina matoleo mawili. Ulikuwa umefika kwenye ulimi. Nikasimama, mzee wa kanisa akalazimika kusogea.

"Mtoto hajakosea," nikasema. "Lugha hiyo siijui hata herufi moja. Nilitunga mimi."

Kicheko kikamwacha Wankyo, kikanijia mimi. Kisha mgeni akakisoma kilivyo, akakieleza kwa Kiingereza, Hilda akatafsiri: theluji imeziba mlango, mtoto anamngoja baba yake aje na koleo. Basi, kimeisha. Wankyo alisikiliza mpaka mwisho, akakichukua kitabu, akaenda kukaa mbali nami. Kutoka Butiama mpaka Nyasho hakunisemesha.

Nikajua nimempoteza, ameshanyamaza tena.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amefika kwenye chumba cha vitabu kabla yangu. Akanikalisha pembeni, akaketi upande wa mlangoni, akafungua kitabu cha Kiswahili, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Soma."

Nikasoma. Mstari wa tatu nikaongeza fisi kidogo.

"Babu, imeandikwa hapo?"

"Haijaandikwa."

"Basi rudi mwanzo."

Huu ni mwezi wa nne tunasoma hivyo. Watoto wengine wanatoka kucheza, mimi sitoki. Juzi tulifika kwenye picha ya ziwa, nikamsikia kamongo wangu anapanda kooni, anataka chai. Nikamtazama Wankyo.

Kidole chake hakikusogea kwenye neno.