Maksai Mwekundu na Runinga ya Inchi Hamsini

Kitu cha kwanza alichokiona Milembe kilikuwa seloteipu. Hakuangalia bei, wala picha ya maporomoko ya maji iliyochapwa kwenye boksi. Aliona kwamba chini ya boksi palikuwa na seloteipu mbili: moja ya kahawia, iliyokatwa kwa kisu, na juu yake nyingine mpya inayong'aa, iliyobandikwa upande na mtu mwenye haraka.

Akanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoizoea kuliko zote.

"Hii ndiyo mashine sasa!" Hanif mwenye duka alikuwa akimwambia Jilala, kaka yake Milembe, huku akilipiga boksi makofi kama mtu anayempiga ng'ombe mgongoni. "Kelvano. Inchi hamsini. Smati kamili, unaunganisha na simu, unaangalia mpira bila king'amuzi. Bariadi nzima ninazo mimi peke yangu."

"Hamsini," alisema Jilala, na jinsi alivyolitamka neno lile, ungedhani ni idadi ya mifugo.

"Hamsini, bosi wangu. Watu watajaa kwenye banda lako mpaka uwafukuze."

Precious, mke wa Jilala, alikuwa amekumbatia mkoba kifuani. Ndani ya mkoba mlikuwa na laki saba, na laki saba zile ndizo zilizokuwa maksai mwekundu hadi Jumamosi iliyopita. Maksai huyo alikuwa akifugwa kwa baba yao mdogo kule Kiloleli. Jilala alikwenda kumchukua, akampeleka mnadani, akarudi na fedha, akazitandaza mezani wakati wa chakula. Hapo ndipo Milembe alipojua.

Alijua pia kitu ambacho watu wote wa nyumba ile walikijua na hakuna aliyekitaja. Mama yao alipougua, aliyetolewa shule darasa la tano ili amuuguze alikuwa Milembe. Miaka miwili alimgeuza kitandani, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Kabla ya kufa, mama alimwita shemeji yake, yule baba mdogo wa Kiloleli, akamwonyesha mtamba mmoja zizini, akasema huyu ni wa Milembe, yeye na wote atakaowazaa. Mtamba alizaa mara mbili. Ndama wa kwanza alikufa. Wa pili ndiye aliyekuwa maksai mwekundu. Mama ng'ombe mwenyewe aliondoka na ukame wa mwaka ule uliofuata. Kwa hiyo kila kitu ambacho Milembe alikuwa nacho duniani kilikuwa ndani ya mkoba wa wifi yake, kikisubiri kuwa runinga.

Hakuwa amepinga. Angeanzia wapi? Jilala alisema banda la mpira litalisha nyumba nzima, na huenda lingelisha kweli. Alichokiomba Milembe moyoni kilikuwa kimoja tu: runinga yenyewe iwe nzima. Ikifa, maksai wake atakuwa amekufa mara mbili.

Na kuhusu runinga zinazokufa, Milembe alijua kuliko walivyodhani. Mwaka wa tatu sasa alikuwa akiuza uji na mihogo pembeni ya kibanda cha fundi Mayige, anayetengeneza redio na runinga. Mayige alikuwa mtu wa kusema peke yake akiwa kazini, na Milembe alikuwa mtu wa kusikiliza. Aliona ni chapa gani huja mara moja na kuondoka, na ni chapa gani hurudi kama mgonjwa wa kifafa. Kelvano zilirudi. Zilikuja zimebebwa kwenye pikipiki, zimefunikwa kwa khanga. Sauti ipo, picha hakuna. Mayige alikuwa akifungua nyuma, akizitazama taa za ndani, akisonya. "Kioo kikubwa, roho ndogo," alikuwa akisema. "Umeme wetu huu ukipanda kidogo tu, taa zote kwisha. Na kipuri chake hakuna hapa, hakuna Mwanza. Mtu ananunua ukubwa. Runinga nunua ile ambayo ikiumwa dawa yake ipo."

Asubuhi ya siku ile, wakiwa bado nyumbani, Milembe alikuwa amejaribu. Akiwa anaosha vikombe, bila kugeuka, alisema, "Kaka, zile Domira za inchi arobaini na tatu hazirudi sana kwa fundi. Vipuri vyake viko Mwanza."

Precious alicheka mpaka akaweka chini mchi. "Jamani, darasa la tano limeamka! Jilala, njoo umsikie injinia wetu wa uji."

"Arobaini na tatu?" Jilala alisema. "Masunga mwenye banda pale ng'ambo ana arobaini na tatu. Watu watoke kwake waje kwangu kuangalia kitu kilekile? We Milembe, koroga uji wako."

Akakoroga uji wake. Lakini walipoondoka kwenda dukani, alifunika sufuria akawafuata, akitembea nyuma kidogo kama kawaida yake.

Sasa Hanif alikuwa akisema laki saba na themanini, na Jilala laki sita na nusu. Jilala alikuwa dalali wa ng'ombe tangu ujana wake. Alilizunguka boksi, akaliinua upande mmoja kupima uzito, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kwake yeye, kitu kizito ni kitu chenye nyama. Hakuomba iwashwe. Ng'ombe haombwi akimbie kwanza. Unamtazama kwato, unamshika nundu, unasema bei.

"Laki saba, tusichoshane," alisema Hanif, akanyoosha mkono.

Milembe alimgusa wifi yake kiwiko. "Wifi. Hilo boksi limeshafunguliwa."

"Niachie mkono."

"Seloteipu ziko mbili, wifi. Tazama chini."

"Nimesema niachie!"

Na wakati huohuo, paa! Kiganja cha Jilala kilitua kwenye kiganja cha Hanif. Mkono ulikuwa umepigwa. Mtu wa mnadani akishapiga mkono, biashara imekwisha. Anayerudi nyuma hutungiwa jina, na jina hilo humfuata mpaka siku ya msiba wake.

Hanif alikuwa amesikia. Uso wake ulibadilika taratibu. "Nani amesema limefunguliwa?"

Milembe alitazama vidole vyake vya miguu.

"Ni wewe, binti? Si wewe unayeuza uji pale kwa Mayige? Mimi nimewahi kuja kwenye sufuria yako, mbele ya wateja wako, nikasema uji una mavi ya panya?"

Wanawake wawili waliokuwa wakichagua pasi waliguna. Mmoja akasema, "Loh, siku hizi kila mtu fundi."

"Msamehe, ndugu yangu," alisema Jilala haraka. Shingo yake ilikuwa imevimba. "Huyu hata shule hakumaliza. Milembe, toka nje."

"Hapana, asitoke!" Hanif alipaza sauti. "Akae hapahapa. Mimi duka langu lina miaka kumi na moja. Tunafungua, tunawasha, aone kwa macho yake. Halafu ataniomba radhi."

Alichana seloteipu, zote mbili kwa mpigo mmoja. Akaitoa runinga, akaisimamisha juu ya kaunta, akaichomeka. Ikawaka. Ikawaka vizuri, na uwanja wa mpira ukatandaa pale mbele yao, wa kijani kuliko majani ya masika, na wachezaji wakubwa kama watu kamili.

"Haya!" alisema Hanif. "Imekufa? Semeni, imekufa hiyo?"

Wale wanawake wa pasi walicheka. Precious naye alicheka, cheko la kumtenga wifi yake ili watu wasidhani wako pamoja. "Mimi ndiye naishi na huyu," aliwaambia. "Hapa amesema maneno kumi, ya mwaka mzima yameisha."

Milembe aliinua macho. Kila mtu alikuwa akitazama mpira. Yeye alitazama pembe ya chini, kushoto, ambako ukijani ulikuwa umeingia giza kidogo, giza la ukubwa wa kiganja, kama jioni imeanza upande ule peke yake. Alikuwa ameliona giza la namna hiyo mara nyingi. Mtu akibadilisha taa mbili na kuziacha nyingine, ndivyo inavyokuwa. Lakini angemwonyesha nani? Ukimwonyesha mtu kitu asichotaka kukiona, atakuona wewe.

"Omba radhi tuondoke," alisema Jilala.

Milembe alitaka kuomba radhi. Miguu ilikuwa tayari, magoti yalikuwa tayari kupinda kama alivyofundishwa. Ila alipoinama, macho yake yalifika usawa wa boksi, na pembeni ya boksi palikuwa na karatasi ndogo yenye mistari na tarakimu. Maneno ya Kiingereza yalimshinda Milembe, lakini tarakimu hazikuwahi kumshinda. Na Mayige, kabla ya kugusa bisibisi, husoma kwanza namba ya nyuma ya runinga na kuilinganisha na karatasi ya warantii ya mteja. Zikipishana, humrudishia mteja mzigo wake, hataki kesi.

"Saba, sifuri, nne," alisema Milembe.

"Nini?" aliuliza Precious.

"Saba, sifuri, nne, moja, moja, nane." Alikuwa ameshaanza, na kuacha katikati kungekuwa aibu kubwa zaidi. "Ndiyo namba ya boksi. Kaka, soma ya nyuma ya tivii."

"Sisomi chochote."

"Soma tu, kaka."

Labda ni kwa sababu Milembe hakuwahi kumwambia afanye kitu. Jilala alizunguka kaunta kwa hasira, akainama nyuma ya runinga. Walisubiri. Mpira uliendelea kuchezwa bila mtu wa kuutazama.

"Saba, sifuri," alisoma Jilala. Akasita. "Mbili. Tisa..."

Hakumaliza.

"Kiwandani huko wanachanganya maboksi," alisema Hanif. Hakupaza sauti sasa. "Kawaida hiyo. Kitu kinawaka, mnakiona kinawaka. Nitakuandikia warantii ya mwezi mzima."

"Hizo Domira unaandikia mwaka," alisema Milembe, akiiambia sakafu. "Bango lako linasema."

"We mwanamke, una nini na mimi?" Hanif alipiga kaunta. "Jilala! Wewe ni mwanaume au si mwanaume? Tumepigana mkono hapa, kuna mashahidi. Au siku hizi Wasukuma mnapiga mkono halafu mnawauliza wanawake?"

Neno lile lilifika pale lilipotumwa. Milembe alimwona kaka yake akinyooka. Alimfahamu: alijua kwamba ameiona namba, na alijua kwamba ameamini. Alijua pia kwamba hayo yote hayakuwa na uzito wa kiganja kimoja. Kesho pale mnadani wangesema Jilala amepiga mkono akaufuta kwa khanga ya dada yake. Mtu wa namna yake angeona bora kubeba runinga mbovu mpaka nyumbani, aibebe kichwani, kuliko kubeba jina hilo.

"Nimeshapiga mkono," alisema Jilala. Hakumtazama mtu. "Precious, toa fedha."

"Lakini namba..." Precious alianza, kwa mara ya kwanza bila kejeli.

"Nimesema toa! Mnataka kunivua nguo hapa? Ikifa itakufa. Ni fedha yangu, ni banda langu."

Zipu ya mkoba ililia. Precious alitoa bahasha. Ilikuwa bahasha ileile ya mnadani, yenye alama ya kidole chenye samadi pembeni. Hanif alinyoosha mkono kuipokea, na tayari alikuwa amerudisha tabasamu lake.

Milembe alisogea. Hakujua kama alikuwa amepanga kusogea. Aliona tu kwamba amesimama kati ya mkono wa Hanif na mkono wa wifi yake, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao, na kwamba kiganja chake kimelala juu ya bahasha.

"Toa mkono," alisema Jilala.

Hakuutoa.

"Milembe, nitakupiga mbele za watu. Nimeshapiga mkono mimi!"

Wanawake wa pasi walikuwa wameacha kucheka. Milembe alimtazama kaka yake usoni. Hakukumbuka mara ya mwisho alipofanya hivyo. Aliona kwamba ana mvi mbili kwenye ndevu, na kwamba macho yake yanafanana na ya mama.

"Mkono hupigwa na mwenye mali, kaka," alisema. "Yule maksai alikuwa wangu. Mama alinipa mimi. Na mimi sijapiga mkono na mtu."